Mwalimu, Inzaghi alikuwa na bahati tu?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mshambuliaji wa kati, nina miaka 20, nacheza ligi ya wilaya. Msimu huu nimefunga mabao manne tu, na kila mechi naotea mara tano au sita. Kocha wetu ananiita mviziaji, na mechi mbili zilizopita kaniweka benchi. Mjomba wangu akaniambia nimtafute Filippo Inzaghi kwenye simu nimtazame. Nimemtazama na nimezidi kuchanganyikiwa. Hapigi chenga, hana shuti kali, mabao mengine ni kama mpira unamgonga tu unaingia, na alikuwa anaotea kuliko mimi! Je, alikuwa na bahati tu, au kuna kitu sikioni? Na nikimuiga, nitafika popote?"

Marahaba, mdogo wangu. Mjomba wako anajua mpira.

Kitu usichokiona kipo, na macho yako hayana kosa. Hizo video fupi zinazozunguka kwenye simu hukatwa kuanzia pale pasi inapopigwa. Bao la Inzaghi lilikuwa limeanza kabla ya hapo, sekunde nne au tano nyuma, wakati mpira bado uko miguuni mwa kiungo na kamera inamtazama huyo kiungo. Umeonyeshwa mavuno, shamba hukuonyeshwa. Ndiyo maana nitakujibu kwa urefu. Nimewafundisha washambuliaji vijana kwa miaka mingi, na hakuna mchezaji niliyemtazama mara nyingi kama huyu.

Tuanze na hilo neno bahati. Bahati itakupa bao moja, mawili, pengine hata msimu mmoja mzuri. Inzaghi alifunga mabao 156 kwenye Serie A, ligi kuu ya Italia, na hiyo ni Serie A ya kina Maldini, Nesta, Cannavaro na Thuram, ligi ambayo beki alikuwa mtu wa kuogopwa. Mashindano ya klabu ya Ulaya ana mabao 70. Timu ya taifa ya Italia, 25 katika mechi 57. Juventus, 89 katika mechi 165. Milan, 126 katika mechi 300, na nyingi kati ya hizo aliingia akitokea benchi. Katika Ligi ya Mabingwa alifunga matatu ndani ya mechi moja mara tatu: dhidi ya Dynamo Kyiv mwaka 1998 na Hamburg mwaka 2000 akiwa na Juventus, kisha Deportivo La Coruña mwaka 2002 akiwa na Milan. Mtu akiokota shilingi barabarani mara moja, utasema kabahatika. Akiokota kila siku kwa miaka ishirini, mfuate uone anapita njia gani.

Njia yake ilianzia Piacenza, mji wa kaskazini mwa Italia, alikozaliwa tarehe 9 Agosti 1973. Sehemu hii isome vizuri kwa sababu ya umri wako. Klabu ya Piacenza ilimlea, kisha ikampeleka kwa mkopo Leffe, timu ya daraja la tatu, msimu wa 1992-93. Huko alicheza mechi 21 akafunga 13. Alipokuwa na miaka 20 kama wewe alikuwa kwa mkopo tena, Verona, daraja la pili, akafunga mengine 13. Akarudi Piacenza, akafunga 15, na timu ikapanda Serie A mwaka 1995. Lakini yeye hakupanda nayo, maana Parma walimchukua, na huko mambo yakamwendea kombo. Aliumia, akakaa nje muda mrefu, na msimu wote alifunga mabao mawili tu ya ligi. Moja kati ya hayo mawili aliwafunga Piacenza, timu ya nyumbani, na alipolifunga akabubujikwa na machozi palepale uwanjani. Kwa hiyo akiwa na miaka 22 Inzaghi alikuwa mshambuliaji wa mabao mawili, na klabu iliyomnunua haikumhitaji tena.

Msimu uliofuata, 1996-97, alikwenda Atalanta. Akafunga 24, akawa mfungaji bora wa Serie A. Hakujifunza chenga katika ile miezi kumi, wala shuti lake halikuongezeka nguvu. Alipona mwili, akapata timu iliyokubali kumletea mpira pale anapoutaka. Kiangazi cha 1997 Juventus wakamchukua, na nyuma yake wakawa Zidane na Del Piero. Msimu wa kwanza wakatwaa ubingwa, yeye akiwa na mabao 18 ya ligi. Tarehe 8 Juni 1997 alikuwa ameshavaa jezi ya Italia kwa mara ya kwanza, dhidi ya Brazili.

Sasa tuje kwenye kuotea, maana hapo ndipo panapokuuma.

Kuna usemi maarufu unaonasibishwa na Sir Alex Ferguson, aliyekuwa kocha wa Manchester United, kwamba kijana huyu lazima alizaliwa akiwa ameotea. Watu huutaja wakicheka. Mimi naona mwenye kusema vile alikuwa anaongea kama mtu aliyeteseka. Katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 1999 mjini Turin, Inzaghi aliifunga Manchester United mabao mawili katika dakika 11 za mwanzo. La kwanza alimponyoka Gary Neville kwenye nguzo ya mbali, la pili lilimgonga beki Stam likampita kipa Schmeichel kwa juu. United waligeuza ile mechi wakashinda 3-2 na baadaye wakachukua kombe, lakini zile dakika 11 hakuna beki wao aliyejua yule mtu anatokea wapi.

Sheria inasema nini? Kusimama nyuma ya mabeki si kosa. Kosa ni kujiingiza mchezoni ukiwa ulikuwa umezidi pale mwenzako alipougusa mpira. Anayetazamwa ni wewe na mpinzani wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa, na mkiwa sambamba huna kosa. Hilo la usambamba liliingizwa mwaka 1990, wakati Inzaghi bado ni kijana wa timu ya vijana, na nadhani kizazi chake ndicho cha kwanza kukua kikilitumia kama silaha. Sheria haijali uko wapi sekunde mbili kabla ya pasi, wala sekunde mbili baada yake. Inajali kufumba na kufumbua kumoja tu, pale mguu wa mpigaji unapogusa mpira. Inzaghi aliishi ndani ya ule upepesi wa jicho.

Mtazame kwenye mechi nzima kama utabahatika kuipata, siyo kwenye vipande. Mpira ukiwa kwa beki wa timu yake au kwa kiungo aliyegeukia golini kwake, Inzaghi yuko nyuma ya mabeki hatua mbili tatu, ameotea waziwazi. Mshika kibendera anamwona na hawezi kufanya lolote, kwa kuwa mpira hauji. Kwa nini anasimama pale? Kwa sababu beki ana macho mawili na yote yanatazama upande mmoja. Beki akitazama mpira, hamwoni mtu aliye nyuma ya bega lake. Akigeuka kumtafuta, haoni mpira. Inzaghi alichagua beki mmoja, mara nyingi yule aliye mbali na mpira, akakaa kwenye bega lake la nyuma, akamlazimisha ageuze shingo mara kumi, kumi na tano. Beki mzuri hugeuza mara zote kumi na tano. Ila anachoka, na ile ya kumi na sita anasema moyoni, ah, yupo tu.

Halafu Pirlo, kiungo wa Milan, anainua kichwa. Kichwa cha Pirlo kikiinuka, Inzaghi haendi mbele, anarudi. Hatua mbili za haraka kuelekea kwa mwenye mpira, mpaka anakuwa sambamba na mstari wa mabeki, kisha anauchukua mstari wenyewe: anakimbia kwa upinde, kama anayezunguka meza, bega limegusana na beki, macho kwenye mguu wa Pirlo. Mguu ukigusa mpira ndipo anakata kwenda golini, na wakati huo tayari yuko kwenye mwendo huku beki anaanzia kwenye kusimama. Hatua moja ya faida imepatikana hapo, na ile hatua ndiyo bao. Hakuwa na kasi kubwa. Watu husema alikuwa mwepesi kwa sababu kila walipomwona alikuwa ameshaondoka.

Nikikufundisha uwanjani ningekuonyesha kwa kamba. Mimi nina kamba ya katani ya kama mita kumi, nawafunga mabeki wawili wa kati viunoni, mmoja kila ncha, nawaambia wapande na kushuka. Mshambuliaji anaona mstari kwa macho, unapanda, unashuka, unapinda mmoja akizubaa. Siku ya kwanza vijana wote wanaitazama kamba, pasi inapigwa wamesimama. Wiki ya tatu hivi mmoja wao anaanza kuisikia kamba bila kuitazama, anamtazama mpigaji tu. Huyo nikimwona namwita pembeni na kumwambia endelea hivyohivyo.

Kwa hiyo, ni kweli alikuwa anaotea mara nyingi. Alikuwa ameshapiga hesabu. Akijaribu mara sita, mara nne kibendera kitainuka, mara moja pasi itakuwa mbovu, mara moja atabaki yeye na kipa. Kwake hiyo ilikuwa mechi nzuri. Asingekubali kukaa hatua moja nyuma kwa usalama, maana hatua hiyo ingemfutia kibendera na bao vyote viwili. Vijana huniuliza angefanyaje siku hizi za VAR, waamuzi wanaorudia kutazama video. Yapo mabao yake ambayo mashine ingeyafuta kwa unyayo, hilo nakubali. Yapo pia mengi aliyonyang'anywa na kibendera kilichowahi kuinuka, wakati siku hizi mshika kibendera hungoja shambulizi liishe kwanza. Naamini angebaki mfungaji.

Nikupe bao moja kwa karibu, la usiku wa tarehe 23 Mei 2007, Athens, fainali ya Ligi ya Mabingwa, Milan na Liverpool. Nililitazama kwenye kibanda umiza kilichojaa mpaka mlangoni, na kabla ya mpira kuanza nusu ya watu walikuwa wanamlaumu Ancelotti, kocha wa Milan, kwa kumpanga Inzaghi. Walikuwa na hoja. Inzaghi alikuwa na miaka 33, na msimu ule kwenye ligi alikuwa na mabao mawili tu. Mshambuliaji mwenzake, Gilardino, alikuwa mzima, kijana, na yuko benchi.

Bao la kwanza, dakika ya 45, ni lile unalosema mpira unamgonga tu. Pirlo anapiga adhabu nje kidogo ya kumi na nane, mpira unamgonga Inzaghi juu ya mkono karibu na bega, unabadili njia, kipa Reina ameshalala upande mwingine. Wapo wanaosema hadi leo kwamba alishika. Sitabishana nao. Ninachotaka uone ni kwamba wakati wachezaji wengine wamesimama wakitazama adhabu ikipigwa, yeye peke yake alikuwa anakimbia kukatiza mbele ya mpira. Alifanya hivyo kwenye kila adhabu, mwaka baada ya mwaka.

La pili, dakika ya 82, hilo uliweke kwenye simu ulirudie. Ilikuwa inakaribia saa tano na nusu usiku huku kwetu. Kaká, kiungo wa Milan, anapokea mpira katikati, uso kwa goli. Simamisha hapo. Usimtazame Kaká, mfunike kwa kidole. Mtafute Inzaghi: yuko kwenye mstari wa mabeki wa Liverpool, mwili umefunguka upande, kichwa kimegeukia kwa Kaká. Mabeki wote wanamtazama Kaká, na nani angewalaumu, yule alikuwa mchezaji bora wa dunia mwaka ule. Achia sasa, polepole. Inzaghi hakimbii. Anasubiri. Anasubiri tena. Mguu wa Kaká unapogusa mpira ndipo anaondoka, na pasi inapenya katikati ya mabeki inamkuta yuko mbele yao. Anabaki na Reina. Anampita kwa nje, upande wa kulia, goli linakuwa jembamba, nawe unafikiri kachelewa. Anausukuma chini, taratibu, mpira unabingirika kwenda wavuni kama mtoto anayerudi nyumbani. Mabao mawili kwa moja, kwa sababu Kuyt wa Liverpool alirudisha moja mwishoni. Milan mabingwa wa Ulaya.

Kile kibanda kilitikisika. Mzee mmoja aliyekuwa amemtukana Ancelotti tangu mwanzo alisimama juu ya benchi.

Na tazama anavyoshangilia. Mdomo wazi, mikono imetawanyika, anakimbia kama mtu aliyepewa habari kwamba mwanawe amepatikana. Hakushangilia hivyo kwa sababu ilikuwa fainali. Alishangilia hivyo bao la mita moja dhidi ya timu ya mkiani. Nimewahi kufundisha vijana wenye vipaji vikubwa kuliko vya wenzao wote, wakifunga bao jepesi wanarudi katikati kwa aibu, kama wameiba. Washambuliaji wa namna hiyo huacha kulifuata bao jepesi, na mabao mengi ni mepesi.

Sasa nikuambie na upande wa pili, kwa sababu umeuliza ukimuiga utafika. Ukimuiga kuotea peke yake, hutafika popote. Kocha wako anaweza kuwa na haki.

Kuna kuotea kwa hesabu na kuna kuotea kwa uvivu. Mwambie mdogo wako au rafiki akae pembeni mechi ijayo na daftari, aandike kila unapoinuliwa kibendera: ulikuwa unakimbia au umesimama, na ulizidi kwa hatua ngapi. Ukiwa unakimbia na umezidi kwa hatua moja au nusu, hiyo ni biashara ya Inzaghi, endelea nayo, ni suala la mapatano kati yako na kiungo wako. Ukiwa umesimama, au umezidi kwa mita tano, au umeotea kwa sababu shambulizi lililopita liliisha na hukurudi, hapo wewe hujapiga hesabu yoyote. Unapumzika mahali pabaya. Timu nzima inapanda, mpira unapatikana, na shambulizi linakufa kwa ajili yako. Hata mimi ningekuweka benchi.

Inzaghi hakupumzika. Aliwasoma mabeki na makipa kabla ya mechi, nani hugeuka vibaya upande wa kushoto, kipa gani hutema mipira ya chini, nani hupandwa na hasira. Chakula chake kilikuwa kilekile miaka nenda miaka rudi, tambi nyeupe zisizo na mchuzi na bresaola, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa na kukatwa nyembamba kama karatasi. Alikuwa mwembamba, magoti na vifundo vya miguu vikimsumbua, na alijua mwili huo hautamsamehe. Kati ya 2003 na 2005 majeraha yalikaribia kummaliza. Msimu wa 2004-05 hakufunga hata bao moja la ligi, na fainali ya Istanbul, ile Milan walioongoza 3-0 wakapoteza kwa penalti mbele ya Liverpool, hakuwemo hata benchi. Watu wengi walishamzika. Msimu uliofuata akafunga 12 kwenye ligi, akaitwa Kombe la Dunia.

Huko Ujerumani 2006 alicheza mechi moja tu. Tarehe 22 Juni, Hamburg, Italia na Jamhuri ya Cheki, aliingia kumpokea Gilardino. Dakika ya 87 alichomoka peke yake kutoka mbali, mbele yake yuko kipa Petr Čech, na pembeni anakimbia mwenzake Simone Barone, hana mtu, anangoja pasi ya kuusukuma wavuni. Barone anangoja bado. Inzaghi hakumtazama. Akampita Čech, akafunga mwenyewe, 2-0. Wengine huita ubinafsi. Nakiri kwamba kijana wangu akifanya vile na akakosa, tutaongea mimi na yeye. Lakini siwezi kudanganya kwamba mshambuliaji wa aina ile unaweza kumpata bila njaa ile. Wiki mbili na nusu baadaye Italia walikuwa mabingwa wa dunia, na katika vitabu vya Kombe la Dunia Inzaghi ana bao moja, hilo.

Jambo lingine la kukutahadharisha ni kwamba Inzaghi alihitaji watu. Zidane, Del Piero, kisha Milan kuanzia 2001 Rui Costa, Seedorf, Pirlo, Kaká. Mpe timu isiyo na mtu wa kuinua kichwa, atakimbia mistari yake dakika tisini na mpira usimfikie. Wewe kwenye ligi ya wilaya nani anainua kichwa? Mtafute huyo mtu. Kaeni baada ya mazoezi, nusu saa, ninyi wawili tu, mkubaliane ishara. Akipokea kwa mguu wa kulia na kufungua mwili, unaondoka. Akipokea mgongo ukiwa umeelekea goli la wapinzani, unarudi kumsaidia. Kiungo akijua unaondoka lini, kuotea kwako kutapungua bila wewe kubadilisha kitu.

Pia makocha wa sasa wanataka mshambuliaji akabe kuanzia mbele, apokee mpira akiwa amekabwa, awape wenzake. Hilo Inzaghi hakuulizwa sana kama utakavyoulizwa wewe. Jifunze, hata kama halikupendezi, ili ubaki uwanjani dakika tisini na huo upepesi wa jicho ukufikie ukiwa bado ndani.

Nimalizie maisha yake kwa kifupi. Desemba 2007 aliifunga Boca Juniors mara mbili kule Yokohama, Milan wakawa mabingwa wa klabu wa dunia kwa 4-2. Tarehe 3 Novemba 2010, akiwa na miaka 37, aliingia dhidi ya Real Madrid pale San Siro akafunga mawili, la pili akiwa ameotea kidogo kwa macho yangu. Wiki moja baadaye goti likakatika kamba, na katika umri ule mtu mwingine angeaga. Alirudi. Tangu astaafu 2012 amekuwa kocha, na safari imekuwa ya kupanda na kushuka. Milan walimpa timu kubwa mapema mno kwa maoni yangu, wakamaliza nafasi ya kumi msimu wa 2014-15. Akaanza upya chini, akaipandisha Venezia kutoka daraja la tatu mwaka 2017, Benevento kutoka la pili mwaka 2020, na Pisa mwaka 2025, mji uliokuwa haujaiona Serie A tangu 1991.

Mechi yake ya mwisho akiwa Milan ilikuwa tarehe 13 Mei 2012, San Siro, dhidi ya Novara, mechi ya 300. Alifunga siku ile; ukilitafuta bao hilo, fanya kama la Athens, anza kabla ya pasi. Ana miaka 38, ameingia kipindi cha pili. Seedorf ana mpira, anainua kichwa. Mabeki wa Novara wanautazama mpira, Inzaghi yuko begani mwa mmoja wao, upande ambao haonekani. Anasubiri. Mpira unapigwa juu, yeye ameshaondoka, anautuliza kwa kifua, haungojei udunde mara ya pili, anaupiga kwa mguu wa kulia. Anakimbia mdomo wazi, vilevile.

Daftari la mechi ijayo likikamilika, nitumie hesabu: umeotea mara ngapi ukiwa unakimbia, na mara ngapi ukiwa umesimama. Tutaanzia hapo.